Somo Wangu na Siku ya Kumi na Nne

Somo wangu alikuwa na mifuko miwili ya uzazi. Mmoja alipewa na Mungu, na huo hakuwahi kuuzungumzia mbele ya mtu. Wa pili aliushona mwenyewe kwa kipande cha kanga nyekundu, akaujaza sufi, akautia mirija miwili iliyokatwa kwenye kamba ya suruali ya marehemu mumewe, na kwenye ncha ya kila mrija akashikiza kungu moja kavu, zile kungu ambazo watoto huzigonga kwa jiwe wale kiini. "Hizi ndizo ovari," alisema. Hakuna mwanamke wa Ndagoni wa rika langu anayeweza kuokota kungu hadi leo bila kutabasamu.

Kwa asiye wa pwani, somo ni mwanamke anayekabidhiwa msichana pale anapovunja ungo. Si mama wala si shangazi. Damu ya kwanza anaambiwa yeye kabla ya mama mzazi, na tangu siku hiyo yeye ndiye anayekufunda, anayekupamba ukiolewa, anayeulizwa ukikorofisha. Wengine wana wari wawili watatu. Wangu alikuwa na wari daftari zima, maana alikuwa na ulimi ambao mama zetu hawakuwa nao.

Jina lake nalijua na sitalitaja. Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, hayo wapo wenyewe wa kuyasema. Mimi nasema niliyoyaona. Na lililonikalisha hapa ni hesabu aliyonifundisha, hesabu ya siku za kushika mimba, ambayo kidogo tu iniletee mke mwenza.

Alikuwa mnene wa kutembea haraka. Miwani yake ilikuwa na uzi wa kushonea mahali pa mkono mmoja, na ukikaa karibu naye ulisikia harufu ya karafuu. Hakujua kukaa bure. Alisuka ukili wa mikeka popote alipokuwa, msibani, harusini, kwenye foleni ya zahanati, na alipokuwa akitufunda vidole vilikwenda vyenyewe huku macho yakituchunga. Akiacha kusuka, tulijua jambo zito limefika. Ukili ulisimama alipotueleza habari ya kondo la nyuma kukatalia ndani, na ukasimama tena alipotuambia kwamba mtu akitulazimisha, kosa ni la mtu huyo hata akiwa anaheshimiwa na kijiji kizima.

Zamani alifunda kama walivyofunda wengine, kwa nyimbo na mafumbo. Kisha watu wa afya wakachagua wanawake wachache kwenda kusoma semina Kilindoni, naye akawamo. Alirudi na daftari na maneno, na maneno yale aliyapenda kama wengine wanavyopenda dhahabu. Estrojeni. Projesteroni. Aliyatamka polepole, akayarudia, akatuangalia kuona kama yametuingia.

Na yalituingia, kwa sababu aliyaleta nyumbani. Alisema chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya kunde, na hiyo ndiyo serikali. Serikali haiji yenyewe, hutuma wajumbe, na wajumbe wa mwili wanaitwa homoni, wanapita katika damu. Mjumbe wa kwanza huenda kwenye ovari akaliamsha yai. Yai likianza kukua, ovari nayo humtuma mjumbe wake, estrojeni, aende kutandika kitanda ndani ya mfuko wa uzazi. Kisha serikali inatuma mjumbe mwingine kwa kishindo, yai linatoka, linaingia mrijani. Hapo anakuja projesteroni, mlinzi wa kitanda, kukilinda kisikunjwe. Mgeni akija, mlinzi anakaa miezi tisa. Mgeni asipokuja, mlinzi anachoka, anakwenda zake, kitanda kinakunjwa, na hiyo ndiyo damu.

Mmoja wetu, ambaye kwao aliambiwa asiguse hata chungu akiwa katika siku zake, aliuliza kama kumbe damu si uchafu.

"Uchafu wapi," alisema Somo. "Ni shuka la mgeni ambaye hakuja."

Tulikuwa na miaka kumi na tatu, kumi na minne. Sikumbuki tena mambo mengi niliyofundishwa shuleni mwaka ule, lakini hilo nalikumbuka.

Pamoja na elimu yote hiyo alikuwa na mambo yake. Alitufundisha vizuri kabisa kwamba tumbo la chakula na mfuko wa uzazi ni nyumba mbili zisizo na mlango baina yake, halafu akatukataza kula ndimu tukiwa katika siku zetu, eti damu itakuwa nyepesi. Nilimuuliza ndimu inapitia wapi kufika huko. Alinitazama juu ya miwani akaniambia ndimu ina njia zake. Na yeye aliyeweza kutamka kila kiungo mbele ya wasichana arobaini bila kupepesa, akiulizwa na dereva wa bodaboda anakwenda wapi, hata kama anakwenda kumsaidia mzazi, alijibu kwamba anakwenda kumwangalia mtu.

Mwalimu wa shule alimwomba siku moja aje awafundishe na wavulana, maana nao walikuwa wanavunja sauti na hakuna wa kuwaambia kitu. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu akaja, akavuta kiti, akakaa ameuelekea ubao, wavulana wote mgongoni mwake. Akaufundisha ubao. Akauambia ubao habari ya korodani na mbegu zinavyotengenezwa humo kila siku, habari ya testosteroni inavyoota ndevu na kuvuruga usingizi, habari ya ndoto za usiku ambazo si ugonjwa wala dhambi, ila josho lake ni faradhi. Kaka yangu alikuwamo. Anasema hakuna aliyecheka, kwa sababu wangemcheka nani, kisogo? Alipomaliza aliuaga ubao akaondoka bila kugeuka.

Alikuwa na msemo mmoja aliouweka mbele ya yote, na ni wa wahenga, si wake: mficha uchi hazai. Tuliusikia mpaka tukauchoka. Ukimficha kitu ukaumwa, ulikuwa mkong'oto wako. Ya kwake mwenyewe aliyaficha yote. Goti lake lilimsumbua miaka na hakuna daktari aliyeliona.

Sasa nije kwangu.

Mume wangu ni mvuvi wa dagaa. Hukaa dago, yaani kambi ya wavuvi, upande wa pili wa kisiwa, na nahodha wake humpa ruhusa ya siku nne kila mwezi, azichague mwenyewe. Mwaka wa kwanza wa ndoa alikuwa kambi za mbali, akija nyumbani kama mgeni wa Idi, kwa hiyo hakuna aliyeniuliza kitu. Alipohamia kambi ya karibu na mwaka mwingine ukaingia, watu walianza kuniangalia tumbo kabla ya uso. Nikaenda kwa Somo.

Alifurahi. Alisema jambo langu ni dogo, ni la hesabu tu. Yai ni mgeni wa siku moja, haliwi na subira. Mbegu ya mwanamume ndiyo yenye subira, huweza kukaa ndani ikangoja siku tatu, nne, hata tano. Kwa hiyo tunachotafuta ni siku ya yai, na siku ya yai ni ya kumi na nne. "Ukishaoga tu, anza kuhesabu," akaniambia. "Ya kumi na nne mumeo awe nyumbani."

Tulifanya hivyo miaka miwili. Kila mwezi damu ikishakatika, nilipooga kujitoharisha, Somo alikuja na ukili wake, tukasimama mbele ya kalenda ya ukutani tukahesabu pamoja, na mimi nikampigia mume wangu simu kumwambia siku ya kuja. Hakukosa hata mara moja. Mwezi mmoja alikuja mguu umevimba kama mtungi, kachomwa na mwiba wa samaki taa, na bado alikuja. Somo alinituma nimwambie aache nguo za ndani za kubana, maana korodani hutaka ubaridi, ndiyo sababu Mungu akazitundika nje. Mume wangu alitii. Mimi nilikula asali na habasoda mpaka nikawa nanuka duka la dawa.

Damu ilikuja kila mwezi, kwa adabu zote, siku ileile.

Mama mkwe tunaishi naye ua mmoja, ukuta kwa ukuta. Si mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniumiza, kwa sababu angekuwa mbaya ningepata wa kumchukia. Alikuja akakaa kitandani kwangu, akanishika mkono, akaniambia amepata msichana mwema huko Juani. Akaniambia mimi sitatoka, nitaongezewa mwenzangu tu. Posa ingepelekwa baada ya Ramadhani. Nilimwambia "Sawa, Mama". Usoni nilikuwa mkavu. Nilipobaki peke yangu nilililia kila kitu, mpaka cherehani.

Kwenye zahanati alikuwa amekuja nesi mpya, msichana kutoka Bara. Sikwenda kwake kwa kumwamini. Nilikwenda kwa sababu nilitaka mtu nisiyemjua aniambie kwamba mimi ni tasa, ili nisikie neno hilo mara moja liishe. Aliniuliza hedhi yangu ya mwisho ilianza lini. Nikamtajia tarehe. Akaniuliza damu huchukua siku ngapi, nikamwambia saba, na tarehe hiyo ndiyo niliyooga. Akaweka kalamu chini.

"Dada," aliniambia, "mbona umenipa siku iliyokwisha? Mimi nimekuuliza siku iliyoanza."

Nilimweleza, kwa upole wa mtu anayemfundisha mgeni, kwamba mwanamke anaanza kuhesabu akishaoga. Kabla ya hapo hasali, hafungi, hajaanza. Damu ni mwisho wa mwezi uliopita, unawezaje kuanza na mwisho? Naye akanieleza, kwa upole huohuo, kwamba mwili hauna habari na josho langu. Damu inapotoka siku ya kwanza, ile tezi chini ya ubongo tayari imeshatuma mjumbe wa kuamsha yai jipya. Kumi na nne inahesabiwa kutoka hapo. Akachora mstari kwenye karatasi, akatia nukta. Ya kumi na nne yangu ilikuwa ya ishirini na moja yake. Kila mwezi, miaka miwili, mume wangu alikuwa anaondoka kambini kwa gharama na kwa kuchechemea, anafika nyumbani wiki nzima baada ya yai kufa.

Somo hakudanganywa huko semina. Waliwaambia siku ya kumi na nne, na ilikuwa ya kumi na nne kweli. Ila hakuna aliyeuliza inaanzia wapi, kwa sababu kwetu hilo haliulizwi.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Nilikuwa na hasira ambayo sikuijua, hasira juu ya mtu ninayempenda, na hiyo ni mbaya kuliko zote kwa sababu haina pa kukaa. Nilimpigia mume wangu nikamwambia mwezi huu aje wiki moja kabla. Akauliza kwa nini, nikamwambia nesi kasema, akaja. Kwa Somo sikwenda kumwambia. Siku niliyooga alikuja kuhesabu kama kawaida, nikamtuma jirani amwambie nimelala. Alimwachia asali. Mwezi uliofuata akaja tena, nikawa nimelala tena. Mwezi wa tatu hakuja, na damu nayo haikuja.

Nilinunua kipimo, nikakiangalia, nikakificha ndani ya mto. Sikumwambia mume wangu, kwa sababu simu ya kambini inasikilizwa na wavuvi wote. Wala mama sikumwambia. Kwa desturi kuna mtu mmoja tu wa kumwambia kwanza, na mtu huyo nilikuwa nimemnunia.

Kumbe hapo katikati yeye alikuwa ameshajua. Jirani yangu alikuwapo na ndiye aliyenisimulia. Siku ya kliniki nesi alikusanya akina mama akawafundisha kuhesabu, na Somo alikaa mbele akisuka. Nesi alipofika kwenye siku ya kwanza ya damu, Somo akanyoosha mkono kumsahihisha. Alimwambia, mwanangu, umekosea, unamhesabiaje mtu ambaye hajaoga? Wanawake wakacheka, wakawa upande wa Somo. Yule msichana alikuwa na adabu. Hakubishana. Alishuka akakaa naye kwenye mkeka, akamchorea kwenye daftari lake lilelile la semina. Jirani anasema ukili ulisimama. Somo aliangalia mchoro kwa muda mrefu, akavua miwani, akauliza: "Tangu lini?" Nesi akamwambia ni hivyo siku zote, bibi, tangu Mungu alipoumba. Somo akakunja ukili wake akatoka.

Kesho yake asubuhi alianza kupita. Alichukua daftari la wari wake na kwenda nyumba kwa nyumba, na goti lile, akikataa bodaboda. Alisimama mlangoni, hakukubali kukaa, akasema amekuja kusahihisha. Wapo aliowafundisha hesabu ileile kwa kutaka kupumzika na uzazi, wakawa wanajihadhari wiki isiyo na kitu na kujiachia wiki yenyewe. Watoto wa namna hiyo wamejaa kijijini, na sote tulikuwa tukisema Mungu kapenda. Alimwomba radhi mama mmoja mbele ya kijana wake wa miaka tisa. Yule mama alimwambia, "Somo, huyu ndiye anayenisomea meseji za simu. Unaniomba radhi ya nini?" Alivuka hata Juani, akawatafuta walioolewa huko, mpaka mmoja anayeishi nje kabisa karibu na magofu ya Kua.

Kwangu alikuja mwisho. Ilikuwa Shaabani, mchana, nipo kwenye cherehani. Nilisikia hodi, nikaijua. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akabaki amesimama mlangoni na hakuwa na ukili mkononi. Sijawahi kumwona mikono mitupu. Alikuwa amekonda.

"Kila siku nimetoka nyumbani nikisema leo naanza kwako," alisema. "Nikifika hapa nje, napita."

Nakiri kwamba nilitaka aseme yote.

"Wenzio niliwapa watoto wasiowaomba. Wewe nimekuchukulia miaka miwili, na nilikuwa nakuja kukuhesabia mwenyewe, kwa kidole changu hiki. Sikuombi unisamehe leo. Nimekuja ili usije ukadhani ni mwili wako."

Nilikuwa nimejiandalia maneno. Miezi miwili nimeyapanga, mengine makali. Nikamtazama yule mtu aliyenifunga kitambaa changu cha kwanza, ambaye hakuna hata mmoja katika maisha yangu aliyewahi kuniambia kweli kama yeye, na sikuyaona yamekwenda wapi. Nikamwambia nina mimba.

Alikaa chini, pale pale kizingitini. Akauliza ni nani anayejua. Nikamwambia hakuna. Akauliza hata mama yako, nikamwambia hakuna, Somo, wewe ni wa kwanza. Akajifunika uso kwa upindo wa kanga, na mabega yakawa yanamtikisika, na mimi nikashuka kwenye kiti nikakaa naye. Tulilia sote wawili kama wafiwa. Hasira ilikuwapo bado, siwezi kusema uongo, lakini ilikuwa imesogea pembeni ikatupa nafasi.

Kisha akajifuta, akasimama kwa kushika mwimo, akajifunga kanga upya. Habari ya mimba ya kwanza hupelekwa ukweni na somo, ni haki yake, naye hupewa doti ya kanga na vigelegele. Nilimwambia apumzike kwanza, anywe chai. Akakataa. Nikamwambia basi akaseme la mimba tu, lile jingine si lazima.

"Nikimpa nusu," alisema, "nusu iliyobaki atakubebesha wewe."

Akavuka ua. Mimi sikutoka, nilisimama nyuma ya dirisha. Mama mkwe alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, pembeni yake ndoo yangu tupu ya kuchotea maji, na niliisikia sauti ya mbuzi wakati wanaamkiana. Somo hakupiga kigelegele wala hakukaa.

"Mwari wangu ana mimba," alisema. "Na miaka miwili hii mliyokuwa mkimtazama yeye, hakuwa na kasoro. Mwanao pia hana. Mwenye kosa ni mimi, niliwahesabia vibaya, na nitalisema hili mbele ya yeyote utakayeniita."

Mbuzi ilinyamaza. Nikashika nondo za dirisha. Sikuuona uso wa mama mkwe, mgongo tu, na mkono uliokuwa bado umeshika kifuu.

"Mwambie ile ndoo ya maji aiache," alisema. "Nitachota mimi."